Sigari Mbili na Mbegu ya Mlimani

Likasi, mwezi wa nane

Baba yangu mpenzi,

Feza, dada yangu, wewe unayemsomea Baba, usianze na salamu. Anza hapa: mbegu ya mlimani isichomwe. Kama Baba amekwisha kushusha kibuyu chake, mwambie akirudishe darini. Halafu keti, uendelee kusoma.

Sasa nakusalimu, Baba, na Mama aliye kando yako. Kifua kinaendeleaje na baridi hii? Na macho je, bado unauona mlango kama kivuli tu? Mimi nakula, nalala, na kazi ya betri za malori naifanya kila siku. Lakini nimepatwa na jambo, na tangu Jumamosi sijatulia.

Jumamosi mchana patroni, mwenye karakana yetu, alinichukua mpaka mtaa wa Shituru, kwa injinia mmoja, tukamfungie betri mpya kwenye gari. Injinia huyo amerudi juzi kutoka ng'ambo alikokwenda na msafara wa serikali, na sasa anavaa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, hata akimwagilia maua. Tulimkuta barazani na mkewe, mbele yao sahani yenye sigari mbili. Sigari, Baba, si sigara hizi za karatasi. Ni jani tupu lililoviringwa juu ya jani, nene kuliko kidole gumba, na wakubwa huvuta moja wakiisha kula vizuri. Moja alikuja nayo mwenyewe kutoka Kuba. Ya pili alipewa na rafiki aliyeapa kwamba nayo ni ya huko huko. Kesho yake mkubwa wake wa kazi angekuja kula kwake, naye hakujua amkaribishe kwa ipi.

Patroni akanisukuma mbele, akimwita injinia raia kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa siku hizi. "Sitwayeni, minye niko na muntu! Baba yake analima tumbaku kule Moba. Huyu akinusa jani, anakuambia mpaka ni nani alilikausha."

"Njo vile?" injinia akacheka. "Alor, kuja, tuonyeshe."

Kichwa kilinivimba, sikufichi. Nilinawa mikono, nikafanya yote uliyonifundisha. Niliiviringisha sigari karibu na sikio nisikie kama imekauka kupita kiasi. Niliipitisha juu ya mdomo, polepole, nikagusa ncha kwa ulimi, nikangoja. Mama wa nyumba alipoleta kiberiti nilikataa, nikaomba kaa la moto kutoka kwenye mbabula, jiko lao la makaa, maana kiberiti huharibu jani. Nilivuta, nikaushika moshi mdomoni, nikautoa kwa pua.

Hapakuwa na kitu. Moto tu, Baba. Ilikuwa kama kunywa maji ya moto. Nikachukua ya pili, nikarudia yote, mambo yakawa yale yale. Nikajiambia labda hizi za wakubwa ndivyo zilivyo, sifa tupu. Lakini watu watatu walikuwa wananitazama mdomoni, na mimi ni mtoto wako, sikutaka kusema sijui. Basi nikaazima maneno yako. Nikasema ile ya kwanza ni kali, inakwaruza koo, na hii ya pili ina utamu unaokuja nyuma, taratibu. Nikamkabidhi injinia ile ya pili.

Mkewe aliangua kicheko hadi akashika ukuta. "Weye! Ile unasifu njo ililala na mafuta ya taa mu kabati! Inanuka mpaka ku jikoni! Hausikie?"

Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Alipouona uso wangu, akaacha kucheka, akaingia ndani, akarudi na kipande cha makayabu, ule samaki wa chumvi ambao hapa jirani wa tatu anajua unapikwa. Akakileta puani pangu. "Sasa unasikia?"

"Hapana, Mama."

Akakata kitunguu. Machozi yalitoka, harufu sikuipata. Injinia akaizima sigari yake. Patroni ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ya chini: "Kitambaa unafungaka wakati unamimina asidi?" Nikatikisa kichwa. Kila asubuhi ananikumbusha nifunge kitambaa puani, na kila asubuhi nakivua akigeuka, kwa sababu ya joto. Kosa ni langu, la mtu mwingine halipo.

Njiani ndipo mambo yalipoanza kunirudia. Mwenzangu wa chumbani amekuwa akinifokea kwamba bukari, ugali wetu wa jioni, inaungua nami nimeketi hapo hapo. Nilidhani ana ubishi. Kisha nikakumbuka bahasha yako.

Ulinitumia majani mawili mwezi wa sita, la bondeni na la mlimani, ukauliza mbegu ipi ibaki. Tangu kifua kikuharibie pua, mimi ndiye pua yako. Na nyumbani kwetu mbegu mbili hazilali chini ya dari moja, inayokataliwa huchomwa ukingoni mwa shamba mvua ya kwanza ikinyesha. Nilinusa majani yale, sikupata kitu. Nikasingizia mfuko wa posta. Niliona aibu, Baba, nikakuandikia kwamba la bondeni limeshinda na la mlimani limechoka. Nilitunga. Mbegu aliyoibeba Babu alipohama, nimekuambia uichome kwa maneno niliyoyatunga nimeketi kitandani.

Nisamehe. Nimekwenda kwa daktari, naye amesema mvuke wa asidi umeiunguza pua, inaweza kurudi na inaweza isirudi. Sasa kitambaa nakifunga, na kila asubuhi nanusa kitunguu kama mwendawazimu. Ulitaka nirudi baada ya mvua nikae mahali pako, niwe ndiye wa kufungua kibanda cha kukaushia na kusema jani limeiva. Nitarudi. Nitalima, nitabeba, nitafunga mafungu. Kibanda siwezi kukifungua.

Feza, usiruke hapa, soma kwa sauti ile ile. Baba, mpe yeye majani ya mbegu zote mbili. Ulimfukuza kibandani utotoni ukisema binti ataolewa na pua yake itakwenda ukweni. Ameolewa, naye bado yuko uani kwako, anakusomea barua. Mwache ahukumu, na neno lake liwe neno.

Barua hii nampa mama jirani anayepanda treni leo kwenda Kalemie, na huko ataitia kwenye boti ya Moba, maana posta ingechelewa. Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie Baba Mdogo anayelinda kibanda, asinicheke kabla sijafika. Shemeji, mume wa Feza, asinune kwa haya niliyoyasema. Shangazi anayeuza mihogo mnadani nimemkumbuka sana.

Ukinijibu, usitie jani kwenye bahasha, halitaniambia kitu. Au tia, Baba. Tia tu. Nitalishika mkononi, nikijua limetoka mkononi mwako.

Mwanao,
Kyungu