Vijiti Sita Mkononi

Makere, Jumapili jioni, 1997

Daftari langu, hujambo? Mimi mzima, ila mkono bado unauma pale nesi alipopachika vijiti sita vya kuzuia mimba kwa miaka mitano.

Leo mume wangu Yohana kanisimamisha kanisani. "Mchungaji, mwombee huyu. Mtoto ana mwaka na nusu, tumbo limenyamaza tu!" Akina mama wakaniwekea mikono. Mama mkwe akanishika palepale penye vijiti, akabana. "Fungua, Bwana! Fungua!"

Niliuma meno, nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Yohana alijua ana virusi vya UKIMWI kabla sijabeba mimba. Cheti cha damu alikificha kwenye koti, nikakikuta nikifua, mtoto kashazaliwa. Sasa kila mara mtoto akikohoa naacha kupumua. Sizai tena.

Yeye alinificha, nami namficha. Miaka mitano atafunga na kuomba, akilitazama tumbo hili. Nafurahi, sikatai. Ila akigundua atanirudisha kwetu Nyakitonto, na mtoto atabaki naye. Hilo naliogopa.

Bwana, najua hupendi kisasi. Hiki kidogo niachie. Kama hutaki, nijibu mapema, maana Jumapili ijayo wananiombea tena.