Jua la Saa Tano Usiku

Mwende,

Nimerudi huku Amerika, Laurel, baada ya kukuzika Kitui. Nyumba iko vile ulivyoiacha. Jirani yetu wa Bukavu hunigongea mlango jioni na kuniuliza, "Ndugu, leo umekula? Niko na sombe." Nakula hayo majani yake ya muhogo. Akina mama wa kanisa nao wamelijaza friji chapati, na sijui tena bakuli lipi ni la nani. Kazini wametuita turudi ofisini, basi kila asubuhi nakwama kwenye foleni ya barabara ya Beltway nikielekea Falls Church. Ungenicheka. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kazi ya kompyuta hufanyika popote penye chai.

Nakuandikia kwa sababu mama yako ameniuliza jambo, na jibu lake si langu peke yangu.

Kwenye mazishi dada yako alisoma wasifu wako vizuri, bila kulia mpaka mwisho. Kuzaliwa, shule, uuguzi, harusi yetu, Amerika, ugonjwa. Ulipofika Amerika, wasifu ulikuweka Laurel ukakaa hapo hapo hadi kufa. Nilikuwa kiti cha mbele nikitazama vumbi kwenye viatu vyangu. Miezi yetu ya Japani haikuwamo, na nisingeweza kuinuka niseme, kwa sababu ulinikanya: "Mama asijue." Ulikuwa umemwambia kazini wamekunyima likizo ya kuja nyumbani.

Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu leo. Kila tulipokwenda nyumbani, wanawake walikutazama tumbo kabla ya kukutazama uso. Wengine walikuombea papo hapo uani, mkono kitovuni, sufuria ikiungua jikoni. Ulichoka. Mabosi wetu waliporuhusu kazi ya mbali, ulisema twende mahali ambapo hakuna anayejua tulioana lini.

Tukaenda. Usiku wa kule, ambao ni mchana wa Amerika, tulifanya kazi, wewe na mafaili yako ya wagonjwa wa bima, mimi na kompyuta za watu zilizogoma. Asubuhi tulilala, mchana tukatembea. Mji wa Kanazawa ulitunyeshea hadi viatu vikaota ukungu. Matsuyama tulipanda tramu bila kujua iendako, tukashuka pale wewe ulipoona machungwa. Teksi zao hufungua mlango zenyewe, nawe kila mara uliuambia mlango asante, kwa Kikamba. Kagoshima mlima ulikuwa ukitema majivu, wenyeji wakiyafagia kama sisi tunavyofagia majani. Ulianika mashuka asubuhi, ukayaanua yakiwa ya kijivu, ukakaa chini barazani ukacheka hadi ukashika mbavu. Ulisema umetoka vumbi la Kitui ukavuka dunia nzima kulifuata lingine. Huko hakuna aliyekutazama tumbo. Nilikuoa mcheshi, Mwende, kisha miaka ikaniletea mwanamke mkimya, na pale barazani nikamwona tena niliyemwoa. Hilo sikukuambia. Ninalisema sasa.

Na lile pazia. Pazia letu la kahawia lenye maua ya manjano, ambalo Mama alizoea kuliona nyuma yako kwenye simu. Ulilikunja ukalitia sandukuni, likala nafasi ya koti langu la mvua, na Kanazawa nikailipia kwa kulowa. Kila mji tulioingia, kitu cha kwanza kilikuwa kulitundika. Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi ya Kitui, kabla Mama hajaenda kanisani, ulikaa mbele ya pazia ukampigia simu ya video. Laurel ingekuwa saa tano usiku wa Jumamosi. Kule kwetu ilikuwa saa sita mchana. Tulificha ukuta, tukasahau jua.

Jumapili iliyopita Mama alinipigia mwenyewe. Unajua Wakamba tulivyo, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Miaka yote salamu zangu zilipitia kwako, nami nikipunga mkono kwa mbali kama mpita njia. Kwa hiyo tuliulizana habari ya mvua, nikadhani anaaga. Ndipo akasema:

"Mutinda, hapa kwa ukuta niko na saa mbili. Moja ni yetu, moja ni yenu. Pazia nilikuwa naona ni ile ya Laurel. Lakini saa yenu inasema ni usiku, na mtoto wangu jua linampiga kwa uso. Mlikuwa wapi?"

Kabla sijajibu akasema, "Sikumuuliza kwa sababu alikuwa anacheka. Niliogopa nikiuliza ataacha."

Nilitoka nikaketi ndani ya gari hapa chini bila kuwasha injini. Nilikulilia kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege, nilipokupeleka Kitui. Umekufa ukidhani umemdanganya mama yako, na yeye kila Jumapili alikuwa akikutazama umekaa kwenye jua, akafunga mdomo ili uendelee kukaa.

Kabla ya kukata simu nilimwambia nitamjibu Jumapili inayofuata. Ndiyo hii, kwake karibu kunakucha.

Basi nisamehe, ninavunja neno lako. Sioni ninachokilinda tena. Nakuahidi nitamweleza yote, mji mmoja kila Jumapili, nisiharakishe. Nitaanza na mvua ya Kanazawa. Mashuka ya Kagoshima nitamwekea mwisho, maana nataka nikifika hapo awe amenizoea, tuweze kucheka pamoja bila kuoneana haya. La machungwa nitamweleza pia, na la mlango wa teksi. Akiuliza kwa nini hukuja nyumbani, nitamwambia kweli, polepole.

Pumzika, mke wangu. Usiwe na wasiwasi naye, nitakuwa nikimpigia.

Pazia nimelishusha. Nikimpigia, nyuma yangu ataona dirisha na giza la Laurel, na saa yetu ukutani kwake itakuwa inasema kweli.

Mutinda wako