Bomba la Chini ya Sakafu

Jumatano, pacha wamelala

Mgongo unaniuma, lakini moyo umetulia. Nyumba nzima ina bomba jipya, hata jikoni, ambako fundi alitaka kuliacha lile la chuma.

"Mama Kulwa, hili bado zima. Tusivunje sakafu ya mama mkwe wako."

"Vunja, nitajibu mimi."

Lilipotoka, kutu ilikuwa imeziba hata kidole hakipiti. Fundi akacheka: "Haya, umenishinda."

Mama mkwe akirudi kutoka Mhunze atakikuta kiraka cha saruji. Naogopa kidogo, ila...

Jioni nikamkingia Doto maji. Akachungulia kikombe, akanirudishia. "Mama, hujaweka kitu."

Tangu azaliwe amezoea maji ya rangi ya chai.

"Yamo, mwanangu. Kunywa."