Sukuma za Kwenye Gunia

Budalang'i, 20/10/97

Kwako Willis,

Uko aje huko Malaba? Kifua imepona ama bado unabeba mizigo ya malori ukikohoa? Sisi tuko. Mama anakusalimia, ingawa ananiudhi.

Shamba yote iko chini ya maji. Mama anataka tuhamie kwa shangazi yetu, senje Benedetta, huko Amukura. Nimekataa. Wale walihama mafuriko ya miaka ile walirudi wakakuta boma imelimwa na wengine. Basi Mama amesema Krismasi ikifika kama hakuna mboga ya kuchuma hapa nyumbani, tunaenda. Hawezi kuomba majirani mboga mpaka azeeke.

Nimeotesha sukuma wiki ndani ya nyumba, kwa mikebe ya mafuta ya Kimbo, hapo dirishani. Nilisoma kwa kitabu ya agriculture, ile haina cover. Mama ananicheka: "Mboga inalala kwa nyumba kama mgeni? Utaitandikia pia?"

Sasa nataka kuihamishia kwa gunia za udongo, nje pale kwa kichuguu, maji haifiki. Gunia sina. Nyinyi makuli mnazikanyaga kila siku. Tuma sita, haraka, mizizi imejaa mikebe.

Dadako,
Nasambu

Malaba, 24/10/97

Dada Nasambu,

Salamu nimepata, kifua inaenda polepole. Mwambie Mama asikuchoshe.

Callistus wa samaki anakuletea gunia sita. Usiseme sijakufanyia kitu. Nimechagua nyeupe, safi, hazina hata tundu. Omagor, boss wetu, alivyoniona nachagua hivyo, aliniuliza kama naoa.

Ndugu yako,
Willis

Budalang'i, 5/11/97

Willis,

Hujambo. Sisi si sana.

Sukuma imekufa. Miche ishirini na nne. Wiki nzima nilikuwa naizoesha jua, leo saa moja, kesho masaa mawili, jioni narudisha ndani kama watoto. Nikajaza gunia nusu, nikapanda, nikafunika na majani ya ndizi. Siku ya tatu majani ikakauka kingo kama imechomwa. Nikaongeza maji, bado. Mama akasema, "Mgeni amekataa kulala nje."

Leo nimekuta mbuzi ya jirani inaramba gunia. Inaramba, haiachi. Nikaonja. Willis, hiyo ni chumvi. Ulinitumia gunia za chumvi.

Nimebaki na miche nane kwa mikebe. Nane.

Dadako amechoka,
Nasambu

Malaba, 9/11/97

Dada,

Sijui hata nikusalimie aje. Pole.

Nilijua ni za chumvi. Lakini si sukuma tunapika na chumvi? Nani aliniambia inaua? Za mahindi zilikuwa chafu, niliona haya kukutumia. Na hiyo kitabu yako haikuandika?

Tupa huo udongo mbali. Osha gunia mara tano, sita. Maji si mko nayo.

Ndugu yako,
Willis

Amukura, 20/12/97

Willis,

Natumaini kifua imekuacha. Sisi tuko wazima, lakini angalia hapo juu nimeandika wapi.

Niliosha gunia mbili mpaka vidole vikachubuka, nikapanda ile miche nane. Ikashika. Jumatatu nikachuma majani ya kwanza, tukala na ugali. Mama alikula, akapangusa sahani na kidole, akasema, "Sawa. Tunakaa." Nilitoka nje nikaruka kama mwendawazimu.

Jumatano maji ikaingia kwa nyumba, mpaka juu ya kitanda.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Jirani Zephaniah alikuja na mtumbwi, akasema nafasi ni ya watu na mizigo kidogo. Mimi nakusanya masufuria, nangoja tu Mama aseme "si nilikuambia." Kumbe yeye ameenda kwa kichuguu peke yake, amekumbatia gunia moja, anaivuta kwa matope.

Zephaniah akamwita, "Mama, na kitanda je?"

"Kitanda inaliwa?"

Tukapakia gunia zote mbili. Mama alikaa katikati, ameshika majani na mikono miwili upepo isiivunje. Hapa kwa senje watu wakiuliza hiyo ni nini, anawajibu, "Mboga yangu."

Yangu, Willis. Mimi namwagilia tu.

Dadako,
Nasambu