Msichana Mwenye Mzigo Mgongoni

Shosho wangu mpendwa,

Goti limepoa, ama bado linakusumbua baridi ya mlima ikishuka? Huku Amerika niko sawa kabisa, ingawa chai yao ni maji moto tu. Dada yangu Wangari akusomee polepole, asiruke mahali.

Shosho, nimekuona.

Unajua nasafisha filamu za zamani kwenye stoo ya studio. Mama anayetusimamia aliniambia vile enzi hizo studio ilikuwa kama boma la tajiri mmoja: mafundi wake, nguo zake, mpaka majumba ya sinema yalikuwa yake. Mwigizaji akishatia sahihi, amefungwa miaka, na filamu akipewa hakatai. Nikacheka peke yangu. Si ulituambia walipokuja kupiga filamu pale Nanyuki ukiwa msichana, yule mwigizaji mrembo wa kizungu alilia akitaka kwenda kwao, akakatazwa? Na sisi tukasema, ati tajiri kama huyo anakatazwa na nani?

Basi juzi nikafungua filamu moja ya wawindaji. Karibu Afrika yote humo ni mbao na turubai za studio, mlima wamechora tu. Halafu ghafla nikaona mlima wetu wenyewe, na wasichana wakitoka mtoni na mitungi kichwani, wanatembea kama wamekanyaga miiba. Nikakumbuka hadithi yako, wakati baba yako alifanya kazi ranchi kule. Mkubwa wa wapiga filamu aliwaamuru mbebe kichwani, akidhani Waafrika wote hubeba hivyo, na nyinyi hamjawahi. Mitungi ikapasuka. Wewe ukamwambia, "Mimi nabeba vile mama alinifundisha."

Wa mwisho kwenye foleni amebeba mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, ameinama uso hauonekani. Kisha anainua macho, anamwangalia mwenye kamera kwa ile jeuri yako. Nililia kwa furaha, Shosho. Msimamizi akauliza kuna nini, nikamwambia, "Huyu ni nyanya yangu."

Akina mama wa kanisa wamekucheka miaka yote, wakikuita Mama Sinema, mpaka ukaacha kusimulia. Sasa studio imeniruhusu kutuma kile kipande, na Wangari ako nacho kwa simu. Jumapili baada ya ibada akionyeshe ukutani kwa projekta ya kanisa, na wewe ukae mbele na kile kitambaa chako chekundu.

Nisalimie baba, shangazi muuza ndizi, na pasta wetu. Mwambie baba ng'ombe asiuzwe kabla sijakuja.

Na mtu akiuliza wewe ni yupi, nyamaza tu. Watakujua kwa mzigo.

Mjukuu wako anayetembea kifua mbele,
Kariuki