Zamu ya Pluton

Kalemie, 4 Mei 1986

Kwa Papa yangu mupendwa,

Salamu nyingi. Habari ya kazi huko gare ya treni ya Nyunzu? Kifua chako kimepoa? Sisi tuko wazima, Mama anakusalimia, na mudogo wangu Nicolas ameanza kuota meno.

Papa, tumejifunza sayari. Mwalimu Apollinaire anasema Jua halituzunguki, njo Dunia inazunguka Jua, pamoja na sayari zingine nane. Kwenye sikukuu ya mwisho wa masomo tutazicheza uwanjani mbele ya wazazi. Symphorien ndiye Jua, atasimama katikati na sinia kichwani. Saturne amevaa duara la waya kiunoni. Françoise, yule tunayekaa naye benchi moja, njo Dunia, na mudogo wake atamuzunguka kama Mwezi.

Mimi ni Pluton. Iko mbali kabisa, kwenye baridi, na mwaka mumoja wa kule hakuna muntu anayeweza kuumaliza. Nitatembea karibu na ua, nyuma ya choo. Hata ukija hutaniona. Nimelia kidogo.

Mutoto wako,
Louise


Nyunzu, 17 Mei 1986

Binti yangu Louise,

Nimefurahi kuona mukono wako. Kifua kimepoa, Mungu asifiwe. Nanyi muendelee vizuri.

Usilie tena. Direkta wa shule yenu, Sébastien, nilisoma naye Mpala kwa mapadri, tulikula sahani moja. Nimempa muntu wa treni barua amupelekee. Mutoto wangu hawezi kuzunguka nyuma ya choo siku ambayo wazazi wote wamekaa kwenye viti. Likizo nimeomba, nimepewa. Nitakaa mbele kabisa.

Papa yako,
Salomon


Kalemie, 1 Juni 1986

Papa mupendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila Nicolas ana homa ya meno.

Direkta aliingia darasani na barua yako mukononi. Akasema, "Louise atakuwa Dunia. Françoise atakuwa Pluton."

Mwalimu akasema, "Citoyen Direkta, wameshajifunza maneno yao."

"Siku bado ziko," akajibu, akatoka.

Françoise alifungua kitambaa cha buluu alichoshonewa na mama yake, akanifunga kiunoni yeye mwenyewe. Nikasema asante. Kesho yake alihamia benchi ya nyuma. Mudogo wake anakataa kunizunguka, Mwalimu anamuvuta mukono.

Papa, naomba umuandikie tena Direkta, nirudi Pluton. Nilikwenda mwenyewe biro, ofisini kwake, akasema, "Papa yako njo aliomba, si wewe." Uandike haraka, sikukuu ni tarehe ishirini na moja.

Mutoto wako,
Louise


Nyunzu, 26 Juni 1986

Binti yangu,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa Nicolas. Natumaini homa imekwisha. Mimi mwili ni muzima, lakini moyo hapana.

Barua yako ilifika mapema. Niliisoma, nikacheka, nikajiambia hayo ni mambo ya watoto, nitayamaliza nikifika. Kisha treni haikuja. Nilikaa juu ya sanduku langu gare, suti mwilini, nikiwaambia wenzangu kwamba mutoto wangu njo Dunia. Siku ya sikukuu ikapita nikiwa palepale.

Nimekosa, mwanangu. Uende na Mama kwa Papa Pontien, baba ya Françoise. Umwambie Françoise kwamba ni mimi, si wewe. Na uniandikie sikukuu ilikuwaje.

Papa yako,
Salomon


Kalemie, 13 Julai 1986

Papa,

Salamu. Tuko wazima, Nicolas amepona.

Watu wanasema sikukuu ilikuwa nzuri. Nilisema, "Mimi ni Dunia, nina maji na hewa, njo nyumba yenu," wakapiga makofi. Nilikuwa natafuta kofia yako kwenye viti, nikapotea njia yangu, nikagongana na Mars, watu wakacheka. Kila sayari ilisema maneno yake, kwanza zile za karibu na Jua, kisha za mbali. Neptune alipomaliza, wakubwa walioalikwa walikuwa wanaangalia saa. Direkta akasimama akashukuru wazazi, ngoma ikaanza. Pluton alikuwa hajasema. Nilimuona Françoise kule kwenye ua, ameshafungua kinywa. Akakifunga. Akaendelea kutembea polepole, vile Mwalimu alitufundisha, hadi watu wakaanza kuondoa viti.

Sikwenda kwao upesi. Nilikuwa nakungoja ufike, twende pamoja. Barua yako ilipokuja, nilikwenda na Mama siku ileile. Tulimukuta mama mwingine anapika mulangoni.

"Pontien?" akasema. "Amepata kazi ng'ambo ya ziwa. Walipanda boti Jumanne, wote na watoto."

Mama akauliza, "Ng'ambo wapi?"

Hajui. Jirani mumoja anasema Kigoma. Mwingine anasema si ng'ambo, ni Uvira.

Nimemuandikia Françoise. Jina lake nimeliandika vizuri juu ya bahasha, lakini chini ya jina sijui niandike muji gani. Wewe huko gare unaona watu wa kila mahali. Uwaulize, Papa.

Mutoto wako,
Louise