Kofia na Mdomo Usiofungwa

Chapwa,
Tunduma.
9 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Atuganile,

Marahaba kwanza, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hali yako huko Mtwara? Na masomo ya uuguzi, na lile joto? Sisi huku baridi ya Juni inatutafuna masikio, lakini tu wazima. Mwanao Gwakisa naye mzima. Hilo nimelitanguliza makusudi; lishike vizuri unaposoma yanayofuata.

Ukiona mwandiko umepinda, mkono wangu mmoja umeshika shati lake.

Mjomba wako unanijua. Kule Kamsamba nilimkemea kiboko akarudi majini kinyumenyume, na hapa mpakani dereva akisikia sauti yangu anafunga breki hata kama sikumwita yeye. Lakini tangu Alhamisi, lori likiwashwa tu, naruka kumshika mtoto.

Ulipoondoka ulituachia ishara zako za mikono za mtoto ambaye bado hajaanza kusema: ngumi inayokamua ni maziwa, viganja hewani ni nimeshiba, na kila ishara tuitamkie neno lake. Mke wangu Getruda alifuata. Mimi nilisema mtoto akizoea mikono, ulimi utalala. Tena ilinichoma ile ishara aliyonipa mimi babu yake: anagonga kichwa, ndiyo kofia yangu, halafu vidole vinafunguka na kufumba kama mdomo wa bata. Nyumba nzima hucheka. Wageni nimewaambia maana yake ni chifu.

Alhamisi nilikuwa naye kwenye benchi letu la kubadilishia fedha, malori yamepanga foleni. Nikawa nawasimulia madereva habari za yule kiboko. Gwakisa akanivuta suruali, ngumi inakamua. Nikamwambia aseme kwa mdomo. Akakamua tena. Nikaendelea na kiboko.

Nilipogeuka, hayupo.

Ndala yake moja ya njano ilikuwa kando ya tairi la lori moja. Mpwa wangu, niliingia uvunguni mwa lori lile kwa tumbo, nimefumba macho kwa kuogopa nitakachokiona. Nilipoyafumbua, palikuwa na mafuta ya gari tu. Hapo foleni ikaanza kusogea. Nikataka kupiga kelele wasimame, sauti ikagoma. Mimi! Ilitoka hewa tupu. Nikakimbia nikiinama penye kila gurudumu, nikiwaza simu yako nitaipokeaje.

Kumbe alikuwa amemfuata mama mmoja mwenye ndoo ya maziwa, wakavuka mpaka hadi Nakonde, yeye kati ya miguu ya watu. Aliyemwokota ni Bana Clever, yaani Mama Clever kwa Kibemba, muuza vitenge, ambaye kwacha zake huzibadilisha kwangu. Alimwuliza jina kwa Kibemba, kwa Kinamwanga, kwa Kiswahili, kimya. Wenzake wakasema huyo ni bubu, apelekwe polisi. Lakini yeye aliiona ngumi inakamua, akampa maziwa. Aliposhiba akarusha viganja hewani, akaangaza huku na huku, kisha akagonga kichwa, vidole vikafunguka na kufumba.

Bana Clever akamleta mgongoni moja kwa moja hadi benchi letu.

"Mwenye kofia na mdomo usiofungwa," alisema, "mpaka mzima huu ni mmoja tu."

Madereva walicheka. Mimi nilikaa vumbini. Gwakisa akanitazama nilivyo kimya, akasogea, akanifungua midomo kwa vidole vyake.

Sasa akikamua ngumi namjibu "maziwa" na kikombe kinafuata papo hapo. Benchini haendi tena. Ukisema nimpeleke kwa bibi yake Mbozi, nitampeleka, ingawa nyumba bila yeye itanishinda. Ila ukipiga simu ya video akaifanya ile ishara yangu, usimkataze. Aifanye vizuri, aifanye mbele za watu, aizoee.

Getruda anakusalimu sana, na kaka yako Eliakim. Nisalimie Marta unayekaa naye chumba kimoja. Mungu akulinde huko, na huku atushikie mtoto pale mkono wangu unapochoka.

Ni mimi nikupendaye, mwenye kofia,

Mjomba Zebedayo